Jina Lililokatwa Kwenye Santuri

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa Bwana Ezirim, hakuna mtu aliyeruhusiwa kutwanga. Viazi vikuu vilikuwa vimekwisha kuiva na kutiwa kinuni, mvuke ukipanda, na Mama Uloma alisimama kwenye mlango wa jikoni akiwa na mchi mkononi na uso ameukunja.

"Baba Uloma, upande huo haujaisha tu?"

"Bado kidogo. Ukitwanga sasa hivi sindano itaruka, nianze upya."

"Haya, leo tutakula muziki. Tutauchovya kwenye mchuzi."

Uloma aliziba mdomo asicheke, maana meza mbovu iliyobeba mashine ilitikiswa hata na kicheko. Baba yake alikuwa ameinama juu ya mashine ya santuri, sikio moja limeelekea kwenye spika. Waya ulitoka kwenye mashine ukaingia kwenye kompyuta, na kompyuta ilikuwa ikiumeza wimbo taratibu, kwa mwendo wa wimbo wenyewe. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Upande wa nusu saa utakula nusu saa yako, upende usipende.

Zamani Bwana Ezirim alifanya kazi redioni, akitunza santuri. Sasa watu wa mji wa Owerri walimletea zao nyumbani, hasa kunapokuwa na mazishi, zikitoka chini ya vitanda na juu ya makabati, zimejaa vumbi na mayai ya mende. Yeye aliziosha kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, akazipangusa kwa kitambaa laini, akazipiga na kuzirekodi. Mwenye mali alirudishiwa santuri yake pamoja na flashi ndogo yenye nyimbo zote.

Baada ya kurekodi ilifuata kazi ya Uloma. Alivaa hedifoni, akatazama mawimbi ya sauti kwenye kioo cha kompyuta, akazitafuta kelele za mikwaruzo. Kila mkwaruzo ulionekana kama mwiba uliosimama juu ya majani. Aliuwekea alama, akabonyeza, ukatoweka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na baba yake mwenyewe alikiri kwamba masikio ya binti yake yalikuwa makali kuliko yake.

Uloma aliipenda kazi hiyo kwa sababu nyingine pia. Ukivaa hedifoni hakuna anayekutaka useme. Na kusema ndiko kulikomtesa, kwa kuwa alikuwa na kigugumizi. Nyumbani hakuna aliyekijali. Shuleni palikuwa na Olaedo.

Olaedo Ibekwe alikaa dawati la nyuma yake. Alikuwa msichana mwepesi wa ulimi, hodari wa kuwachekesha wenzake, na kama ilivyo kwa wachekeshaji wengi, alihitaji daima mtu wa kuchekwa. Siku moja katika somo la kusoma, zamu ya Uloma ilifika. Sentensi ya kwanza ilianza na neno "wanafunzi". Uloma akasimama, akavuta pumzi, akafungua kitabu.

"Wa-wa-wa-wa-wa…"

Neno lilikataa kutoka. Mwalimu alimngoja. Na Olaedo, ambaye alikuwa ameiba simu ya dada yake na kuja nayo shuleni, aliishika chini ya dawati akarekodi. Nyumbani aliikata ile sauti, akairudiarudia, akaitia ngoma ya kuchezea. Jumatatu darasa zima lilikuwa nayo. Watoto waliicheza uwanjani wakati wa mapumziko, viuno vikizunguka. Wa-wa-wa, wa-wa-wa.

Kwa kuwa kila mtu alijua kazi ya Bwana Ezirim, jina nalo likapatikana haraka. Uloma akawa Santuri Mbovu. Akifungua mdomo kuomba kifutio, mtu anamgonga begani na kupiga kelele, "Sukuma sindano! Jamani, imekwama tena, isukumeni!"

Hakumwambia mwalimu. Hakumwambia baba wala mama. Kushtaki kunahitaji maneno, na maneno ndiyo yaliyokuwa yakimwangusha. Donge likakaa kifuani, likawa kubwa. Akifua, anamfua Olaedo. Akifagia, anamfagia Olaedo mpaka shimo la takataka. Alifikiria kumwagia wino sare yake, kumkata nywele zake ndefu alizosukwa, kumtia chura kwenye mkoba. Yote hayo aliyaona madogo. Wino unatoka na nywele zinaota. Yeye alitaka kitu ambacho Olaedo angekisikia kwa masikio yake, mbele za watu wengi, na asiweze kukizima.

"Atanitambua," alisema moyoni, na moyoni hakugugumia hata kidogo.

Wiki hiyohiyo babu yake Olaedo, Mazi Benedikti Ibekwe, kama wazee wa heshima wanavyoitwa huko, alifariki baada ya kuugua muda mrefu.

Mjane alikuja mwenyewe kwa Bwana Ezirim, amevaa nguo nyeusi, mwembamba, sauti imekauka kwa kulia. Nyuma yake alikuja Olaedo amebeba santuri iliyofungwa kwa khanga. Alipomwona Uloma aligeuza uso, akajifanya anatazama picha za ukutani.

"Mwalimu wa santuri," mjane alisema, maana ndivyo wazee walivyomwita Bwana Ezirim, "hii ni ile ya Klabu ya Udo, chama cha mume wangu na wenzake. Wao walimlipa mwimbaji, naye akawaita wote kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Jumamosi tutaipiga. Kila anayeitwa husimama akapunga kitambaa cheupe, na aliyekufa watu wake humsimamia. Likitajwa jina la mume wangu nitainuka na wanangu wote. Na huyu," akamshika Olaedo bega, "atatangulia mbele na picha ya babu yake. Ndiye aliyempenda kuliko wajukuu wote."

Olaedo alitabasamu, kidevu juu.

"Itakuwa tayari Ijumaa, mama," Bwana Ezirim alijibu. "Usiwe na wasiwasi."

Walipokuwa wakitoka, Olaedo alichelewa hatua mbili makusudi. Akainama karibu na sikio la Uloma.

"Wa-wa-wa," alinong'ona, kisha akamkimbilia bibi yake.

Damu ilimchemka Uloma mpaka akaona giza. Na humo gizani wazo likamjia, safi kabisa, na akashangaa jinsi lilivyokuwa rahisi.

Bwana Ezirim aliirekodi santuri ile Alhamisi. Jioni homa ya malaria ilimwangusha, akalala amejifunika blanketi mbili huku akitetemeka. Kusafisha kelele akamwachia binti yake, kama kawaida.

Uloma alivaa hedifoni. Ulikuwa wimbo mzuri, gitaa likitembea bila haraka, na sauti ya mwimbaji iliyoshiba. Aliitoa miba yote kwa uangalifu. Kisha akafika mahali pa majina. Mwimbaji alimwita Mazi Anosike, akamsifu, ngoma ikajibu. Akamwita Mazi Benedikti Ibekwe, mtu wa watu, mlango usiofungwa, ngoma ikajibu. Akamwita Mazi Uwakwe.

Uloma aliweka alama pale mwimbaji alipovuta pumzi kabla ya jina la Ibekwe, akaenda nayo mpaka ngoma ilipomaliza kujibu. Akabonyeza. Jina likatoweka. Akaunga ngoma na ngoma, akasikiliza, akasogeza kidogo, akasikiliza tena. Kama hujui, usingejua. Aliona fahari, na hakuona haya kwa fahari hiyo. Alimwona Olaedo amebeba ile picha, ametangulia mbele ya umati, mguu mmoja hewani, na jina haliji.

"Cheza sasa," alinong'ona peke yake.

Asubuhi baba yake alikuja akishika ukuta, macho mekundu.

"Umesikiliza mpaka mwisho?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Hakuna flashi iliyotoka bila mtu kuisikiliza mpaka mwisho, na siku zote baba aliisikiliza mwenyewe.

"Ndi-ndiyo, baba."

"Haina kasoro?"

"Ha-haina."

"Vizuri. Leo kichwa kinanipasuka, nakuamini wewe." Akaitia flashi ndani ya bahasha, akarudi kitandani.

Siku ya karamu ya mazishi mahema yalijaa uwanja mzima. Ukoo wa Ibekwe walivaa vitambaa vya sare vya rangi ya samawati. Wazee wa Klabu ya Udo, wale waliobaki hai, walikaa mstari wa mbele na kofia zao nyekundu, kila mmoja na kitambaa cheupe gotini. Bwana Ezirim alikuwa amepata nafuu, akaja na binti yake. Wanafunzi wa darasa lao nao waliletwa kumpa pole Olaedo, wakakaa pamoja pembeni wakila wali na kuchungulia simu za kaka zao.

Baada ya chakula dijei aliwasha wimbo. Majina yakaanza. Mzee aliyeitwa alisimama akipunga kitambaa, wanawe wakamzunguka, noti zikabandikwa kwenye paji la uso wake kumtuza. Aliyeitwa na hayupo duniani, mwanawe alimsimamia, na vigelegele vikapigwa zaidi. Ikafika kwa Mazi Anosike. Mjane akaikaza nguo kiunoni, watoto wake wakajipanga nyuma yake. Olaedo aliinua picha ya babu yake kifuani, akasogea mbele, tayari.

Ngoma ikajibu. Mwimbaji akaita, "Mazi Uwakwe!"

Olaedo alikuwa amekwisha kupiga hatua. Akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mmoja wa wanafunzi akacheka kwa pua.

Utamu ulimjaa Uloma mpaka kooni. Alitamani wakati usimame hapohapo, amtazame vizuri, aone kila kitu: midomo iliyokauka, macho yanayotafuta pa kujificha. Hivyo ndivyo ilivyo, alimwambia moyoni. Hivyo ndivyo ilivyo kusimama mbele za watu na neno halitoki.

Kisha akaona kwamba wazee hawakucheka.

Mazi Uwakwe aliitwa na hakusimama. Alikikunja kitambaa chake akakitia mfukoni. Wengine nao wakafanya hivyohivyo, kimyakimya. Mwenyekiti wao, Mazi Onyiri, mzee mrefu mwenye sauti nzito, aliinua fimbo yake.

"Zima hiyo."

Dijei akazima. Kimya kikatanda mpaka chini ya hema la wapishi.

"Kuna nini?" Uloma alimsikia mwanamke mmoja karibu yake akiuliza.

"Hukuona? Wamemruka," jirani yake alijibu kwa sauti ya chini. "Klabu ya Udo haimruki mtu ovyo. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Kuna mwenzao alimwapia mwenzake uongo mahakamani, katika kesi ya ardhi. Siku ya sherehe bendi ikaita majina yote, lake ikaliruka. Yule bwana alihama mji. Tangu hapo anayerukwa ni msaliti, basi."

Uloma aliwageukia. Hilo hakulijua. Baba yake naye, aliyekuja mjini akiwa mtu mzima kutoka mbali, hakulijua.

"Mke wetu," Mazi Onyiri alimwambia mjane, "sisi hatukumruka mumeo. Santuri imetoka nyumbani kwako. Nani kwenu anasema Benedikti si mwenzetu?"

"Mimi sijui," mjane alisema. "Wazee wangu, mimi sijui. Jina lake limo. Nimelisikia miaka yote."

Ndugu wa marehemu wa mama mwingine akasimama kutoka hema la pili. Ilionekana amesubiri siku kama hiyo. "Mimi nilisema zamani, mkaniona mchawi! Kile kiwanja cha baba yetu, aliapa nini yeye? Leo santuri yenyewe imesema!"

"Nyamaza wewe!"

"Sinyamazi! Kwa nini ninyamaze?"

Makelele yakazuka. Wakwe walianza kukusanya mizigo yao. Mazi Onyiri akavaa kofia yake vizuri, akasema Klabu haiwezi kuweka kitambaa chake juu ya kaburi la mtu aliyerukwa mpaka jambo hilo liulizwe, na kwa leo wangekwenda. Wazee wakainuka. Mjane aliinua mkono kuwazuia, akaanguka kitako kwenye mchanga na nguo zake za sare.

Ndipo Bwana Ezirim alipojitokeza. "Wazee wangu, subirini. Mimi ndiye niliyeirekodi. Kosa litakuwa langu, au mashine…"

"Mashine gani hiyo inayochagua jina la mtu?" mmoja alimfokea. "Mbona la Anosike haikulila?"

"Mwulizeni amelipwa na nani!"

"Mgeni tumemfungulia milango, anakuja kutugombanisha!"

Baba aligeuka polepole, akamtafuta binti yake kwa macho kati ya watu, akamwona. Uloma alijua kwamba ameelewa, na alijua pia kwamba hatamtaja. Atasimama pale na kutukanwa mpaka mwisho.

Uloma alipiga moyo konde akaenda mpaka kwenye meza ya dijei, akanyoosha mkono. Dijei, bila kujua la kufanya, akampa kipaza sauti.

"N-n-ni mimi," Uloma alisema.

Sauti ilitoka kwenye maspika yote ya uwanja. Watu wakageuka. Pembeni, simu tatu au nne ziliinuliwa.

"Ni-ni-nilili-li…"

"Sukuma si…" sauti ya mvulana ilianza, na fimbo ya Mazi Onyiri ikapiga ardhi. Mvulana akanyamaza.

"Mwacheni mtoto aseme."

"Nililikata. Ji-jina li-limo kwenye santuri. Mi-mimi ndiye niliyelikata. Ba-baba hajui."

Mazi Onyiri alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa mzee mkali, na wala hakujaribu kulainisha uso wake.

"Kama limo, litaje. Limetolewa mbele yetu, lirudishwe mbele yetu. Dijei, weka pale pa Anosike. Akimaliza, simamisha."

Wimbo ukapigwa. Mazi Anosike akaitwa, ngoma ikajibu, dijei akasimamisha. Uwanja mzima ukamtazama Uloma.

"Ma-Mazi Be…"

"Be-be-be-be…" Jasho lilimtoka. Alihisi uso unamwungua, akafumba macho, akajaribu tena, neno likakwama tena palepale. Alingoja kicheko. Hakikuja. Wazee wale walisimama na kofia zao wakimsubiri, na hakuna aliyemmalizia neno, maana lilikuwa deni lake.

"Be-be-Benedikti Ibekwe!"

Vitambaa vyeupe vikatoka mifukoni vyote kwa pamoja. "Benedikti!" wazee waliitikia. "Mtu wa watu!" Dijei akaachia ngoma. Binti za marehemu wakamwinua mama yao kutoka mchangani, wakampangusa, na Olaedo akatangulia na picha, akitembea tu, hachezi, machozi yakimchuruzika. Yule ndugu wa hema la pili aliketi, akaomba maji ya kunywa.

"Sasa niambie," Mazi Onyiri alisema ngoma ilipotulia. "Nani alikutuma?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa Uloma. Olaedo alisimama hatua chache kutoka kwake, ameikumbatia picha, macho yamemtoka. Alijua. Neno moja tu lilitosha. Ukoo mzima wa Ibekwe ungesikia, na wakwe, na wazee, na darasa lote, na Olaedo asingeweza kulizima. Kile alichokiota Uloma akifua na akifagia kilikuwa mbele yake, kikubwa kuliko alivyokiota, na alikitamani. Tusimpambe, alikitamani sana.

Lakini mjane alikuwa amesimama hapo katikati, mchanga bado umemganda kwenye nguo. Chochote ambacho kingerushwa kwa Olaedo kingepita kwake kwanza.

"Ha-hakuna aliyenituma," alisema. "Ni ha-hasira yangu mwenyewe. Naomba m-mnisamehe." Akarudisha kipaza sauti. Hakuwa amemsamehe Olaedo, la hasha. Alikuwa amechoka kumwangusha mtu mwingine kwa kumlenga yeye.

Baadaye mjane aliwaita nyuma ya nyumba, yeye na baba yake. Olaedo alikuwapo pia, bado na picha yake.

"Hasira ya nini, mwanangu?" mjane aliuliza. "Mume wangu alikukosea nini?"

Uloma alitazama chini. Kisha Olaedo akaiweka picha juu ya kiti, akatoa simu ya dada yake.

"Bibi, si babu. Ni mimi."

Akabonyeza. Ngoma ya kuchezea ikalia pale nyuma ya nyumba ya matanga, na sauti ya Uloma juu yake, wa-wa-wa, wa-wa-wa. Mjane alisikiliza yote, wala hakumruhusu aizime kabla haijaisha.

"Hii uliitengeneza lini?"

"Babu alipokuwa hospitali."

"Babu yako alikuwa kitandani hawezi kusema, tunamkisia kwa macho anataka maji au anataka kugeuzwa. Na wewe unamcheka mtu ambaye maneno hayamtoki." Hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepandisha. Olaedo alilia mpaka akakosa pumzi. Mjane alimwacha alie, halafu akamwambia aifute mbele yao, na Jumatatu aseme darasani, mbele ya mwalimu, ni nani aliyeianzisha. "Nitakuja mimi mwenyewe kusikiliza," alisema.

Kisha akamgeukia Uloma. "Wewe nimekusikia pale uwanjani. Lakini ile dakika niliyokaa chini, nikimwuliza marehemu moyoni alifanya nini, hiyo huwezi kuirudisha. Nataka uijue tu." Uloma aliitikia kwa kichwa, na machozi yaliyokuwa yamekataa kutoka siku nzima yakatoka.

Jioni, nyumbani, Bwana Ezirim aliwasha kompyuta. Alikuwa na mazoea ya kuhifadhi kila wimbo kama ulivyotoka kwenye santuri kabla haujaguswa, na huo ulikuwapo, pamoja na mikwaruzo yake na jina la Ibekwe. Akaunakili kwenye flashi mpya kwa ajili ya wazee wa Klabu, akamwambia Uloma azipeleke kesho kwa miguu nyumba hadi nyumba, na kila mlango ajitaje yeye ni nani. Na tangu leo, kazi yote itasikilizwa na baba tena mpaka mwisho.

"Mpaka li-lini, baba?"

"Sijui. Mpaka nitakapoweza kukuamini. Si jambo la kupanga tarehe."

Swali likamtoka Uloma, na lilitoka na uchungu wote wa zamani. "Kwa hiyo ni-ningefanya nini? Ni-ningenyamaza tu wa-wakinicheka?"

"La. Hasira yako ilikuwa ya haki, mwanangu. Kazi uliyoipa ndiyo haikuwa ya haki. Aliyekukosea ulimjua, lakini ukampiga mzee aliyekwisha kufa, ukamwangusha mke wake, na mimi ukanidanganya machoni. Kisasi hivyo ndivyo kilivyo. Ukishakiachia hakikuulizi tena ni nani unayemtaka." Akavuta kiti karibu na chake. "Ungekuja hapa ukaniambia."

"Ku-kusema ku-kunanichukua mu-muda."

"Uloma, mimi husikiliza upande mzima wa santuri, mikwaruzo na yote, bila kusimamisha. Nitashindwaje kukusikiliza wewe?"

Uloma alikaa kwenye kile kiti. Akaanza tangu mwanzo, tangu siku ile ya somo la kusoma, na baba yake hakumkatiza hata mara moja.